Manowari ya Bomba Tatu Katika Milima ya Kilungu

Ndugu msomaji, ukitoka Mombasa kwa barabara ya Nairobi, ukapita Voi, Mtito Andei, Kibwezi na Sultan Hamud, kisha ukaiacha barabara kuu na kuanza kupanda, utafika Kilungu. Hiyo ni nchi ya milima na matuta, migomba na miparachichi, na ukungu ambao mwezi wa Juni huingia mpaka ndani ya nyumba bila kupiga hodi. Bahari haionekani wala harufu yake haifiki. Samaki wanaojulikana zaidi huko ni wale waliokwisha kukaangwa, wanaouzwa sokoni Nunguni.

Ni katika nchi hiyo ambapo mimi, mzaliwa wa Mji wa Kale, niliyekua nikisikia honi za meli zikiingia Kilindini, nilikaa miezi kumi na minne nikiunda manowari. Vijana wa bodaboda waliponiona nikirudi dukani na vipande vya plastiki kwapani walikuwa wakiniuliza, "Mzee, maji ya kuielea utayatoa wapi?" Nami nikiwajibu kwamba manowari hii haihitaji maji, inahitaji meza tu na subira.

Nilifika Kilungu kwa sababu ya ndoa. Mama watoto ni wa huko, na baba yake alipozidiwa na uzee ilitubidi tuhamie karibu naye. Nilikuwa nimestaafu ualimu, mikono haina kazi, na mwanamume asiye na kazi nyumbani ni mzigo kwa mkewe. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo nililolitamani tangu utoto: kuunda mfano wa meli ya vita, mdogo lakini uliotimia, kila kitu kikiwa mahali pake na kwa kipimo chake.

BOMBA TATU

Manowari niliyoichagua si ngeni katika mwambao wetu. Wajerumani waliiita Königsberg, lakini wazee wa Dar es Salaam waliitambua kwa mabomba yake matatu ya moshi, wakaiita manowari ya bomba tatu. Ilishushwa majini huko Kiel, Ujerumani, mwezi Desemba 1905, na ikaingia Dar es Salaam mapema Juni 1914 chini ya nahodha Max Looff. Urefu wake ulikuwa mita 115 na upana wake mita 13. Ilichukua mizinga kumi ya milimita 105, na mabaharia zaidi ya 300.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka Agosti 1914 ilikuwa imekwisha kutoka bandarini. Tarehe 6 mwezi huo iliikamata meli ya Kiingereza City of Winchester, iliyopakia majani ya chai, karibu na pwani ya Omani. Kisha alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Septemba 1914, ikatokea Unguja na kuikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga, mitambo yake ikitengenezwa. Mizinga ya Pegasus haikuwa na nguvu ya kumfikia adui. Watu zaidi ya 30 waliuawa, na meli ikazama siku hiyo hiyo. Baadhi ya mabaharia wake wamelala mpaka leo katika kisiwa cha Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe.

Baada ya hapo manowari ya bomba tatu ikajificha katika mikono ya mto Rufiji. Nani kati yetu asiyeijua Rufiji? Boriti zilizoezeka nyumba za babu zetu, tangu Lamu hadi Bara Arabu, nyingi zilitoka katika mikoko hiyo hiyo. Wajerumani waliingia ndani kabisa, wakafunga matawi ya miti kwenye milingoti ili meli isionekane, na mitambo iliyoharibika wakaipeleka Dar es Salaam kutengenezwa. Haikupelekwa kwa reli wala kwa gari. Ilikokotwa nchi kavu na watu, kwa kamba, ikaenda na ikarudi. Msomaji, liweke akilini jambo hilo la kamba, mimi sikuliweka.

Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba 1914, wakaziba njia, wakangoja. Tarehe 6 na tarehe 11 Julai 1915 waliishambulia kwa mizinga, ndege zikiruka kutoka kisiwa cha Mafia ili kuwaonyesha makombora yanaanguka wapi. Siku hiyo ya pili nahodha Looff aliamuru meli yake mwenyewe ipasuliwe, ikakaa chini katika matope.

KAZI YA MKONO

Kipimo nilichokitumia ni moja kwa mia mbili, yaani kila mita mbili za meli ya kweli ni sentimita moja ya mfano. Kwa hiyo manowari yangu ina urefu wa karibu sentimita 58, na upana wa sentimita sita na nusu hivi. Mzinga mmoja ni mfupi kuliko ncha ya kidole changu. Binadamu aliyesimama juu ya sitaha angekuwa na kimo cha milimita nane na nusu, sawa na punje ya mchele mrefu.

Huko Ulaya watu hununua plastiki iliyokwisha kukatwa viwandani, imo ndani ya sanduku pamoja na karatasi ya maelezo. Mimi nilikata yangu. Kwa mwili wa meli nilinunua mbao nyeupe za plastiki wanazotumia wachora mabango. Mafundi wengi wa majahazi wa zamani walikuwa wakilaza mkuku, wakipandisha mbao za ubavuni, na mataruma yakifuata baadaye. Mimi sikuthubutu. Nilianza na mataruma, moja moja, kwa kufuata michoro na picha alizonitafutia mjukuu wangu kwa simu, kisha nikavika ngozi ya plastiki nyembamba.

Mabomba matatu nilitengeneza kwa mabomba ya sindano aliyonipa daktari wa mifugo, nikiwa nimeyachemsha kwanza. Plastiki ile ni kaidi. Gundi haiishiki mpaka uikwaruze kwa msasa. Mitutu ya mizinga ni vile vijiti vyenye tundu vya pamba za masikio. Niliipanga kama ilivyokuwa: miwili sambamba kwenye omo, mitatu kila ubavu, na miwili sambamba kwenye tezi. Kamba za milingoti zilinishinda kabisa, maana uzi wa kushonea ulikuwa mnene kama amari ya jahazi. Mama watoto ndiye aliyeniokoa. Siku moja alikuwa akifumua nywele za bandia za mjukuu wetu, akanikabidhi unywele mmoja na kusema, "Jaribu huu, labda utaacha kunung'unika." Manowari ile ya Kaiser leo imefungwa kwa nywele za saluni ya Nunguni.

Hasara hazikukosekana. Ngozi ya kwanza niliipinda kwa moto wa jiko, ikajikunja kama sambusa na kuijaza nyumba moshi mbaya, tukalala madirisha wazi usiku wa baridi. Tangu hapo nilitumia maji ya moto. Rangi nayo ilinitesa. Pwani ukipaka rangi asubuhi, adhuhuri imekauka. Kilungu nilipaka rangi ya kijivu mwezi wa Julai, ukungu ukaingia, na kesho yake nikaikuta imetoka ukoga mweupe kama ukuta wa kisima. Niliikwangua yote. Nilingoja mpaka Septemba.

PLASTIKI IKASEMA

Je, kazi hiyo yote ni ya nini? Wengine husema ni mchezo wa watoto uliokosa umri wake. Mimi nasema hivi: kitu ukikipima kwa mkono wako, kinakuambia yale ambayo kitabu kimeyataja ukayapita.

Nitoe mfano mmoja. Siku zote nilijiuliza kwa nini Waingereza, mabwana wa bahari, walikaa zaidi ya miezi minane mlangoni mwa Rufiji wasimtoe adui mmoja. Nilipomaliza tumbo la manowari yangu nilipima sehemu inayozama majini: sentimita mbili na milimita sita, yaani zaidi ya mita tano za kweli. Manowari zilizokuwa zikiiwinda nazo zilizama kiasi cha kukaribia hicho, na zilizo kubwa zaidi hazikuweza kuvuka mafungu ya mchanga. Ndipo zikaletwa meli mbili za ajabu, Severn na Mersey, zilizoundwa Uingereza kwa ajili ya mito ya Brazili. Nilikata umbo la Severn kwa kipimo kile kile nikaliweka kando. Sehemu yake ya chini ya maji haikufika sentimita moja. Meli yenye mizinga ya inchi sita, na inazama kimo cha mtu tu! Hapo nilifahamu kwamba vita ile iliamuliwa na kina cha maji, jambo ambalo nahodha yeyote wa jahazi wa Rufiji angeliwaambia bure.

Nilifurahi sana kwa ugunduzi wangu, nikamwita baba mkwe aje aone.

SWALI LA MZEE

Mzee wangu huyo amekaribia miaka tisini. Ujanani alikuwa mchongaji katika ushirika wa Wakamba pale Changamwe, akichonga tembo na twiga waliokwenda na watalii hadi mwisho wa dunia. Kiswahili chake ni cha Mombasa, na jicho lake halijazeeka. Aliizunguka meza taratibu, mikono nyuma. Akainama. Akapuliza vumbi kwenye mzinga wa omo.

"Umetulia mkono, mwanangu," akasema. "Sasa nieleze. Meli ilipokufa, hii mizinga ilikwenda wapi?"

Swali hilo nililipenda, maana jibu nilikuwa nalo. Nilimweleza kwamba Wajerumani waliitoa mizinga yote kumi katika matope, wakaipeleka Dar es Salaam, wakaitia magurudumu na kupigana nayo bara. Mmoja ulipelekwa hadi Ziwa Tanganyika ukafungwa kwenye meli Götzen, ambayo baadaye ilikuja kuitwa Liemba. Mmoja uko Pretoria, Afrika Kusini. Na mmoja uko kwetu Mombasa, Ngomeni, karibu na mzinga wa Pegasus, mahasimu wawili wamekaa pamoja kama wazee barazani.

"Nimewahi kuuona," akasema. "Nilipokuwa Changamwe nilikwenda Ngomeni nikaugusa. Mzinga ule ni mzito. Nani aliuvuta?"

"Wapagazi, baba."

"Wapagazi ni kazi. Nakuuliza watu."

Nilinyamaza. Nilikuwa na urefu wa mtutu kwa milimita. Nilikuwa na jina la nahodha, na tarehe ya kila kombora. Jina la mtu aliyeshika kamba sikuwa nalo hata moja.

Ndipo Mzee akakaa kitini akanisimulia jambo ambalo, kwa miaka yote niliyokuwa mkwe wake, hakuwahi kunisimulia. Baba yake alikuwa na kaka. Mwaka 1917 Waingereza walipoishiwa wachukuzi waliamuru vijana wakusanywe wilaya kwa wilaya, kazi iliyosimamiwa na John Ainsworth, na Ukambani ilitoa watu wengi. Kaka huyo alichukuliwa. Aliacha upinde na podo vimetundikwa ukutani, akamwambia mama yake visiguswe mpaka arudi. Havikuguswa. Baba yake Mzee alizaa, akalea, akazeeka, na upinde uko pale pale, mpaka mchwa wakaula. Hakuna aliyekuja na habari. Hakuna karatasi, wala malipo, wala kaburi.

"Sisi hatukumlilia," Mzee akasema, "kwa sababu hatukuambiwa amekufa."

WALIOKUWA KARIAKOO

Ndugu zangu wa pwani, sisi tunalitamka neno Kariakoo kila siku. Kuna Kariakoo ya Dar es Salaam na ya Nairobi, na wengi tunadhani maana yake ni soko. Asili yake ni jina la Kiingereza la jeshi hilo la wachukuzi. Inakadiriwa kwamba wachukuzi zaidi ya 90,000 wa upande wa Waingereza walikufa katika vita vya Afrika Mashariki, na karibu nusu yao walitoka Kenya. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na njaa, hasa katika mvua kubwa za mwanzo wa 1917, Rufiji ilipofurika na chakula kikashindwa kufika. Upande wa Wajerumani nako watu walikokotwa vijijini kwa maelfu. Mbele ya kamba, serikali mbili zilikuwa na sheria moja.

Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Pale Mwembe Tayari, Mombasa, ziko sanamu za ukumbusho wa vita hivyo. Tunazipita tukikimbilia basi. Ukisimama ukazitazama hutakuta jina la mchukuzi hata mmoja.

Nilipomsomea Mzee habari hizi alitikisa kichwa, akanipa habari ya upande wa pili. Ufundi uliomlisha yeye na watoto wake, mama watoto wangu akiwa mmoja wao, umetokana na vita hiyo hiyo. Mutisya Munge wa Wamunyu ndiye anayesifiwa kuwa mwanzilishi wa uchongaji wa biashara Ukambani, na aliuchukua kwa wachongaji wa Tanganyika alipopelekwa huko vitani. "Mmoja alikwenda akarudi na patasi," Mzee alisema. "Wetu hakurudi."

MIZIGO BILA WATU

Baada ya siku ile niliitazama manowari yangu nikaona imepungua. Nilitaka kuwaweka watu wa kamba. Lakini kuna jambo nililolisita, nanyi mtalifahamu. Nimelelewa madrasa, na walimu wangu hawakupenda tuunde sanamu za viumbe wenye roho. Meli ni chuma na mbao, haina neno. Mtu ni mambo mengine, hata akiwa wa milimita nane. Nilimweleza Mzee, nikiogopa atakasirika, yeye aliyechonga viumbe maisha yake yote. Alicheka mpaka akakohoa.

"Basi usiwafanye," akasema. "Kwani waliandikwa? Fanya walichobeba."

Ndivyo tulivyofanya, yeye na mimi, kwa miezi miwili ya mwisho. Kando ya manowari tuliweka ubao mrefu wenye udongo mwekundu wa Kilungu. Juu yake uko mzinga mmoja wenye magurudumu, na kutoka kwenye mzinga zinatoka kamba mbili za nywele, zimenyooka, zimekazwa. Nyuma yake ipo safu ya mizigo: magunia, masanduku ya risasi, matenga, kila mmoja mdogo kuliko punje ya choroko. Mzee aliichonga yeye mwenyewe kwa wembe, miwani miwili juu ya pua, akakataa nisimsaidie. Mizigo ile haigusi ardhi. Tumeiinua juu ya nyaya nyembamba kwa kimo cha kichwa cha mtu, na chini yake pako patupu.

Mwisho wa safu uko upinde mmoja na podo, vimelala chini. Hivyo aliviweka Mzee nilipokuwa nimekwenda kuswali alasiri. Niliporudi nilivikuta, na wala hatukuzungumza.

Tulipomaliza aliwaita watoto wake na wajukuu wote, na majirani wa vilima vya karibu. Walikuja na chai ikapikwa. Wale vijana wa bodaboda nao walikuja, na safari hii hawakuuliza habari ya maji. Mzee alisimama kwa fimbo akalitaja jina la baba yake mkubwa, jina kamili, na jina la aliyemzaa. Mwanamke mmoja jirani akasema kwamba kwao pia kuna mmoja. Akamtaja. Mwingine akasema kwao walikuwa wawili. Mjukuu wangu alichukua daftari la shule akaanza kuandika. Kufikia magharibi walikuwa tisa, kutoka vilima vitatu tu.

Majina hayo siyaandiki gazetini, ni ya wenyewe, na daftari liko nyumbani kwa Mzee. Ila nawaomba wasomaji wa pwani mambo mawili. Kwanza, ukimpeleka mtoto Ngomeni, msimamishe mbele ya mzinga ule wa manowari ya bomba tatu, mwache augusa, halafu muulize: nani aliuvuta? Pili, kawaulize wazee wako. Kutoka Lamu mpaka Kilwa ni nyumba chache ambazo vita ile haikubisha mlango. Andika jina la aliyeondoka, na jina la babake, kabla mwenye kulikumbuka naye hajaondoka.

Manowari yenyewe iko juu ya kabati Kilungu, imefunikwa kwa kitambaa kwa sababu ya ukungu. Daftari halijafunikwa. Juma lililopita liliongezwa majina mawili.